Kijana amewashinda nyumbani? Kaeni kwanza wakubwa: mwongozo kwa walezi wa Mtwara na Lindi

Ikifika mwezi wa kumi minada ya korosho imeanza, hela inaingia, basi na kesi nazo zinaanza. Dogo kaiba korosho za bibi kauza kwa kangomba (wanunuzi wa magendo), dogo kampasua mwenzie na chupa, dogo hajaonekana tangu ijumaa na mara ya mwisho alikuwa stendi Masasi. Kikao kinaitishwa, kila mtu anaongea lake, mwisho anatafutwa mwenye mkono mzito amchape, watu wanatawanyika. Haupiti muda ni yale yale.

Huu mwongozo ni wa mzazi, bibi, mjomba, baba wa kambo, yaani yeyote anayeishi na kijana wa miaka kama 10 mpaka 17 ambaye tabia zake zimevuka utundu. Natanguliza kabisa: hatua nyingi hapa chini zinakuhusu wewe mkubwa kabla ya kumhusu yeye, sasa kama umekuja kutafuta dawa ya kumnywesha utanisamehe.

Hatua ya 1: Hakikisha ni tatizo kweli, sio ujana tu

Kununa, kujibu kwa mkato, kuchelewa mpira ukiisha, kushinda na simu, hayo ni ya umri, yanaudhi ila hayahitaji kikao cha ukoo. Wataalamu wa afya ya akili wakisema kijana ana tatizo la mwenendo wanaangalia makundi manne: ukatili kwa watu au wanyama (kuonea wenzie, kupigana na silaha, kutesa paka au mbuzi wa watu, kulazimisha ngono), kuharibu mali makusudi na humo kuna kuchoma moto, kisha wizi na uongo wa kujipatia vitu, na mwisho kuvunja amri nzito kama kutoroka nyumbani, au kulala nje na utoro wa shule ulioanza kabla hajafika miaka 13. Kwenye mwongozo wanaoutumia madaktari wa Marekani dalili zote zipo 15, na kijana anatakiwa awe ameonyesha angalau 3 ndani ya miezi 12, moja iwe ya miezi 6 hii ya karibuni, alafu iwe imemharibia shule, nyumbani au kwa watu. Aliyeiba embe la jirani mara moja hayumo humo.

Chukua daftari uandike. Nini kilitokea, saa ngapi, nani alikuwepo nyumbani, na hasa kilianzaje, maana wengi wetu tunakumbuka mwisho wa ugomvi tu (sahani imevunjwa) na mwanzo wake umeshasahaulika. Andika pia alianza lini. Hii ina maana kubwa. Terrie Moffitt, mwanasaikolojia aliyetumia taarifa za watoto 1,037 waliozaliwa Dunedin, New Zealand, mwaka 1972 na 1973, aliandika mwaka 1993 kwamba kuna wachache wanaoanza wadogo kabisa na wanaendelea mpaka ukubwani, na kuna wengi wanaoanza wakiwa wameshabalehe kisha wanaacha wakikua. Ila hao wengi nao wananasa njiani: akiacha shule, akifungwa, akizoea bangi au pombe, akimpa binti mimba, mlango wa kurudi unakuwa mwembamba. Kwaiyo kama wako kaanza akiwa darasa la kwanza usisubiri akue, na kama kaanza akiwa form two usijifariji kwamba yatapita yenyewe, kazi yako ni kuhakikisha hanasi.

Alafu kabla hujambandika jina lolote jiulize kama kuna kingine chini yake. Amefiwa? Kuna mtu anamfanyia ubaya hapo hapo nyumbani au shule? Anasoma lakini herufi haziingii? Kaanza bangi? Kijana aliyeumizwa mara nyingi anaonekana mkorofi kabla hajaonekana ameumia.

Hatua ya 2: Andika nani anamlea, kiukweli

Hapa kwetu hii hatua ndo watu wanairuka na ndo penyewe. Ukisoma makala nyingi za malezi utakuta wanaongea baba na mama tu, kana kwamba kila nyumba ina hao wawili na mezani wanakaa pamoja. Nenda Newala, Nanyamba, Ruangwa, Mtama uone. Mama kaolewa kwingine yuko Dar, baba ana mke Nachingwea, mtoto yuko kwa bibi mzaa mama, na kwa vile Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua ukoo unafuata upande wa mama basi mjomba naye ana sauti, tena pengine kubwa kuliko baba. Msimu wa kilimo wakubwa wanahamia shambani wanalala kwenye dungu, watoto wanabaki mjini wenyewe. Na yule aliyefaulu kwenda sekondari ya kata iliyo mbali amepangishiwa geto, ana miaka 14, anajipikia, anajilaza, hakuna wa kumuuliza.

Sina ubaya na ukoo mpana, mtoto kulelewa na wengi ni hazina. Shida inakuja kila mmoja akiwa na sheria yake. Bibi anamficha, mjomba anapiga, mama anatuma hela kwa simu kufidia kutokuwepo, baba wa kambo kanyamaza kwa sababu akisema ataambiwa "sio mwanao". Kijana mwerevu anasoma hiyo ramani haraka sana, anajua kwa nani aombe nini na lini. Sheria inayobadilika kulingana na nani yuko nyumbani, leo kosa linachekewa kesho linapigiwa fimbo, ni moja ya mambo yanayotajwa mara nyingi na watafiti wa familia za vijana wa namna hii, sambamba na ukali uliopitiliza na kutojua mtoto yuko wapi.

Kwaiyo fanyeni hivi. Kaeni wakubwa peke yenu, mtoto asiwepo, asiyeweza kufika apigiwe simu iwekwe spika. Ajenda sio kosa la dogo, ajenda ni nyie. Kubalianeni sheria tatu tu, zisizidi, za mambo ya hatari: mfano kurudi kabla ya isha, kutogusa mali ya mtu, kutopiga mtu. Mengine ya nywele na suruali yaacheni kwanza. Kubalianeni nini kitatokea akivunja, nani atasimamia (awe anayelala nae nyumba moja), na kwamba hakuna atakayemtengua mwenzie mbele ya mtoto. Ukiona mwenzio kakosea unamsubiri jikoni. Hela pia iingizeni humo, asitumiwe hela mtu mwenye miaka 13 moja kwa moja bila bibi kujua.

Kuhusu mjomba, neno moja. Kumwita mjomba aje kupiga tu ni kumpoteza. Mtu mwenye heshima ile angekuwa anamchukua kijana wakapulize salfa (dawa ya mikorosho) pamoja, wakae chini ya mkorosho mchana waongee, akija kumkanya siku moja maneno yake yana uzito kwa sababu sio kwamba anaonekana siku ya fimbo peke yake.

Hatua ya 3: Tazama nani anashinda mkigombana

Hii ndo sehemu naitaka uisome polepole.

Gerald Patterson na wenzie huko Oregon, Marekani, walikuwa wanaenda kukaa majumbani mwa watu wanaandika kila kinachosemwa kati ya mzazi na mtoto mkorofi, tendo kwa tendo, na kitabu chake cha mwaka 1982 kinaeleza walichokiona. Kwa mazingira yetu ni hivi:

Mama: "We Hamisi, nenda kateke maji."
Kimya.
"Hamisi!"
"Si nimekuja tu sasa ivi bana, kila siku mimi!"
"Nimesema nenda."
Hamisi anapiga ndoo teke, anapandisha sauti, majirani wanachungulia.
"Haya acha, nitaenda mwenyewe, mtoto gani huyu."

Ugomvi umeisha. Hamisi kapata alichotaka na mama kapata kimya, wote wamepumua. Lakini tazama walichojifunza: Hamisi kajifunza kwamba ukipandisha sauti vya kutosha amri inafutika, mama kajifunza kwamba ukiachia utulivu unarudi. Siku nyingine mama kachoka, anachukua mwiko anampiga kweli, Hamisi anakimbia na ndoo. Hapo tena kuna somo: aliyezidi ukali ndo kashinda. Kesho kila mmoja anaanzia pale mwenzie alipoishia jana, kelele, matusi, kurusha vitu, kupigana. Baadae anaipeleka shule, walimu wanamchoka, wenzie wapole wanamkwepa, wanaobaki wa kumpokea ni wakorofi kama yeye, na huko kijiweni kila tusi linapigiwa makofi. Wala hakuna mtu aliyekaa akapanga kumharibu mtoto. Ni vitu vidogo vidogo mara nyingi kwa siku, miaka.

Sasa unaukataje huo mzunguko:

Usitoe amri usiyo na nguvu ya kuifuatilia. Kama umechoka na maji unaweza kuteka mwenyewe, teka, usimwite. Amri kumi ambazo nane unaziachia ni mbaya kuliko amri mbili.

Msogelee. Amri ya kupigia kelele kutoka uani haina maana, nenda aliko, mwite jina, sema kitu kimoja kwa sauti ya kawaida: "Hamisi, teka ndoo mbili kabla ya magharibi." Sio "hivi we huoni maji yameisha, we mtu gani, kama baba yako tu". Hiyo ya kama baba yako naomba ife kabisa.

Nyamaza umpe muda. Atanung'unika, mwache anung'unike, mnung'uniko sio kosa. Mkianza kubishana umeshaingia uwanja wake na yeye ana pumzi kuliko wewe.

Asipofanya, litokee lile mlilokubaliana, dogo na la hapo hapo: simu inakaa kwako mpaka kesho, mpira jioni hakuna. Ukisema mwezi mzima utaachia siku ya tatu mwenyewe na atakuwa ameshinda tena.

Akifanya, sema. "Asante, umenisaidia." Inaonekana upuuzi ila kwenye nyumba nyingi nilizoziona kijana mkorofi anasikia jina lake kwa ubaya tu, akikaa vizuri hakuna anayemwona, kwaiyo njia pekee ya kuonekana ni kuharibu. Jilazimishe umkute akiwa anafanya sawa, hata kama ni kumfungia mdogo wake kamba za viatu.

Ujiandae: siku za mwanzo atazidi. Njia yake ya zamani imegoma kwaiyo atajaribu kwa nguvu zaidi, teke la ndoo litakuwa teke la mlango. Hapa ndo bibi anaingiwa na huruma anaachia, na akiachia hapo amefundisha kwamba bei ya kushinda ni kuvunja mlango. Shikilieni.

Hatua ya 4: Fimbo iwekeni chini

Najua nitabishiwa. "Sisi tulichapwa tukanyooka." Sawa. Utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2009 kuhusu ukatili kwa watoto Tanzania ulikuta karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walikuwa wamepigwa ngumi, mateke au kuchapwa kabla ya kufika miaka 18. Kama kipigo kingekuwa kinatibu hii mikoa isingekuwa na kesi hata moja. Kinachoonekana tafiti kwa tafiti ni kwamba watoto wanaopigwa sana wanakuwa wapigaji, na wanajifunza kuficha vizuri zaidi badala ya kuacha. Na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza adhabu za kikatili, kumfunga kamba mtoto au kumchoma mkono na moto kwa ajili ya wizi ni kosa lako wewe hata kama korosho kaiba kweli.

Ila kuacha fimbo sio kuacha mtoto. Mlegevu anaharibu vile vile. Kijana akiiba alipe: kilo zile zilizouzwa kangomba azirudishe kwa kuokota korosho za bibi, kupalilia, kubeba, na amwombe radhi bibi uso kwa uso. Akivunja atengeneze.

Mambo mawili usiyaguse kamwe kama adhabu: chakula, na mlango. Ukimnyima chakula umempa sababu ya kuiba, ukimfukuza usiku kuna watu stendi watampokea kwa furaha na hawatamlipisha leo, watamlipisha baadae.

Hatua ya 5: Ujue alipo, lakini kwa kuambiwa

Wazazi wengi wakisikia "mfuatilie mtoto" wanageuka polisi, kupekua begi, kushika simu. Watafiti wawili wa Sweden, Håkan Stattin na Margaret Kerr, walionyesha mwaka 2000 kwamba wazazi wanaojua mambo ya watoto wao wanayajua zaidi kwa sababu mtoto mwenyewe anawasimulia, upelelezi unachangia kidogo kuliko tunavyodhani. Kwaiyo swali ni je ukiambiwa ukweli unafanyaje? Akisema "jana nilikuwa kwenye kibanda cha video Magomeni na kina fulani" na wewe ukamrukia, umefunga bomba. Mwambie umesikia, mwambie asante kwa kusema, hayo mengine zungumzeni kesho mkiwa mmetulia.

Kuleni pamoja mlo mmoja, hata kama ni ugali na kisamvu. Mkiwa mnafanya kazi mikono inacheza maneno yanatoka yenyewe, kumkalisha kwenye kiti umwangalie machoni hapati neno. Yajue majina ya rafiki zake watatu, zijue na nyumba zao, uongee na mama zao, muungane muda mmoja wa kurudi nyumbani. Kijiwe cha boda, meza ya pool, kubeti, ujue anapita wapi.

Wa geto: mpange kwenye nyumba yenye mtu mzima, zungumza na mwenye nyumba waziwazi kwamba unataka kupigiwa simu asipolala, nenda siku asiyokutegemea na gunia la mihogo, sio na fimbo. Kukiwa na bweni linalowezekana, bweni ni bora kuliko geto.

Hatua ya 6: Jitazame na wewe

Hapa pafupi ila panauma. Ugomvi wa wakubwa mbele ya watoto, kupigana hasa, ni shule kamili. Ulevi nao. Mabibo yakiiva kila uani kuna uraka (pombe ya mabibo), kisha kuna nipa (gongo lake), na mtoto anayetumwa kuinunua anaionja njiani. Mama mwenye sonona anakosa nguvu ya kufuatilia amri yoyote, huyo hahitaji kulaumiwa, anahitaji kutibiwa, na akipona mara nyingi na nyumba inatulia.

Hela ya mnada ipangieni kazi kabla haijaingia, ada, chakula, deni, maana miezi ile hela ikiwa mkononi ndo ndoa nyingi zinavunjika na mtoto anahamishwa nyumba ya tatu.

Kuna wanaosema "karithi, mjomba wake alikuwa hivi hivi". Kurithi kupo, sikatai. Avshalom Caspi na wenzie walichapisha mwaka 2002, kwa wale wale vijana wa Dunedin, kwamba wavulana wenye aina fulani ya jeni ya urithi (sio jini la kutolewa na mganga) waliharibikiwa zaidi pale walipoteswa utotoni, wenye urithi ule ule ambao hawakuteswa hawakuwa tofauti sana na wengine. Damu inaleta hatari, nyumba ndo inaiamsha au inaiacha ilale.

Na jando. Wengi wanategemea jando limnyooshe, lakini siku hizi watoto wanaingia wadogo mno na kina mama wananiambia wengine wakitoka wanaona mwanamke hana amri juu yao. Ongea na kungwi mapema, mwombe hilo la kumheshimu mama alisisitize, na mkitoka huko sheria tatu ziko pale pale.

Hatua ya 7: Msifanye peke yenu

Mafunzo ya wazazi na vijana pamoja yanafanya kazi Afrika pia. Mkoa wa Eastern Cape, Afrika Kusini, familia 552 zilishiriki jaribio la mafunzo ya vikao 14, matokeo yalitoka 2018: vipigo vilipungua, wazazi walijua zaidi watoto walipo, pombe na madawa vilipungua kwa mzazi na kwa kijana. Vikao viliendeshwa na watu wa kawaida wa pale pale waliopewa mafunzo. Kikundi chenu cha kina mama, vikoba, hata AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), mnaweza kumwomba afisa ustawi wa jamii wa halmashauri aje mzungumze mara moja kwa mwezi. Yeye ndo mlango wako wa kwanza, pamoja na mwalimu wa malezi shuleni. Simu 116 ni ya bure kwa mambo ya watoto, na ukishuku kijana anabakwa au anateswa nenda dawati la jinsia na watoto polisi.

Nenda hospitali bila kusubiri kama ameshika silaha, amechoma moto, anatesa wanyama, amelazimisha ngono, anaongea kujiua, au tabia imebadilika ghafla ndani ya siku chache. Mtwara kuna Ligula, Lindi kuna Sokoine, ulizia huduma ya afya ya akili. Hakuna kidonge cha kutibu mwenendo wenyewe, tiba kubwa ni kufanya kazi na familia, dawa zikitolewa ni kwa kitu kingine kinachoambatana nao. Kama mmeshapita kwa mganga msifiche, semeni alimpa nini.

Nenda na lile daftari, ripoti za shule, na aende mtu anayelala nae nyumba moja, sio shangazi aliyefika jana kutoka Dar ambaye hajui hata dogo anaamka saa ngapi. Kijana apewe nafasi aongee na mhudumu peke yake, wewe utoke nje bila kugoma. Na kabla hamjaondoka uliza turudi lini, na safari hiyo aje nani mwingine wa nyumbani, kisha uandike tarehe kwenye daftari hapo hapo kwa sababu msimu ukichanganya utasahau.